Maswali kwa mawaziri katika Bunge la Tanzania

Maswali kwa mawaziri ni utaratibu wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania unaompa mbunge nafasi ya kumuuliza waziri jambo lililo chini ya wizara yake na kupata jibu mbele ya Bunge zima. Swali na jibu huandikwa katika Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, zinazojulikana zaidi kwa jina la Hansard.

Maswali mengi huhusu uchumi, kama vile barabara, maji, viwanda, fidia, kodi na bei za mazao. Mengine huhusu sheria: ni lini muswada utaletwa, au kwa nini sheria fulani haijarekebishwa. Kwa wakazi wa kata kama Kongowe, huko Kibaha mkoani Pwani, hii ni mojawapo ya njia chache za kumfanya waziri aseme hadharani lini jambo lao litashughulikiwa.

Msingi wa kisheria

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 63, inalipa Bunge mamlaka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Ibara hiyo inataja kwanza uwezo wa kumuuliza waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 100 inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano bungeni, hivyo mbunge hawezi kushtakiwa mahakamani kwa sababu ya swali aliloliuliza humo.

Mawaziri na naibu mawaziri huteuliwa na Rais kutoka miongoni mwa wabunge. Kwa mujibu wa ibara ya 53, wanawajibika kwa pamoja bungeni chini ya uongozi wa Waziri Mkuu, ambaye pia ni kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni. Taratibu za kuuliza na kujibu zimo katika Kanuni za Kudumu za Bunge.

Historia

Tanganyika ilipata Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1926, wakati wa utawala wa Waingereza. Gavana ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na waliojibu hoja za wajumbe walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni. Waafrika wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia, waliingia barazani mwaka 1945. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 kazi ya kujibu ikawa ya mawaziri, na vikao viliendelea kufanyika katika Ukumbi wa Karimjee jijini Dar es Salaam. Siku hizi Bunge hukutana Dodoma.

Katika kipindi cha Spika Samuel Sitta (2005–2010) yaliongezwa maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, ambayo huulizwa siku ya Alhamisi. Tofauti na mawaziri wengine, Waziri Mkuu haletewi maswali hayo mapema kwa maandishi.

Utaratibu

Swali la kawaida huitwa swali la msingi. Mbunge hulipeleka kwa maandishi kwa Katibu wa Bunge, nalo hupelekwa katika wizara inayohusika ili jibu liandaliwe. Wataalamu wa wizara hukusanya takwimu kutoka halmashauri, wakala au shirika la umma, kisha waziri au naibu wake hulisoma jibu bungeni. Kipindi cha maswali huwa asubuhi, mwanzoni mwa kikao. Jibu huelekezwa kwa Spika, na kwa kawaida anayejibu hutaja jina la mbunge aliyeuliza na jimbo lake kabla ya kusema "kama ifuatavyo".

Baada ya jibu, aliyeuliza anaweza kuuliza maswali mawili ya nyongeza. Wabunge wengine nao wanaweza kuuliza la nyongeza wakiruhusiwa na Spika. Maswali ya nyongeza ndiyo humpima waziri zaidi, kwa sababu hana karatasi ya jibu mkononi. Mara nyingi mbunge hutumia nafasi hiyo kuuliza tarehe, kiasi cha fedha, au kama waziri yuko tayari kufuatana naye kwenda jimboni kujionea.

Maswali ya uchumi

Majibu ya maswali ya uchumi hufuata mzunguko wa bajeti. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mkutano wa Bunge wa bajeti hufanyika kuanzia Aprili hadi Juni. Kwa hiyo msomaji wa Hansard anapaswa kutofautisha aina tatu za majibu. Fedha "iliyotengwa" imepitishwa katika bajeti lakini huenda haijafika. Fedha "iliyotolewa" imekwisha kupelekwa kwenye mradi. Jibu kwamba mradi utatekelezwa "kadiri fedha zitakavyopatikana" halina tarehe wala kiasi.

Mbunge asiyeridhika na majibu anaweza kulirudia jambo wakati makadirio ya wizara yanapojadiliwa. Katika Kamati ya Matumizi hutishia "kushika shilingi", yaani kutaka mshahara wa waziri upunguzwe kwa shilingi moja mpaka atoe maelezo ya kutosha.

Maswali ya sheria

Swali halibadilishi sheria, ila humlazimu waziri kueleza msimamo wa Serikali. Mfano ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vyake vya 13 na 17, vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, ni kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ilikubaliana na uamuzi huo mwaka 2019. Baada ya hapo wabunge walitaka kujua bungeni ni lini muswada wa marekebisho utaletwa.

Kibaha, Kongowe na Kisarawe

Kongowe ya Kibaha iko kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kibaha na Mlandizi. Isichanganywe na Kongowe iliyo upande wa Mbagala, kwenye Barabara ya Kilwa. Kwa upande wa kusini Kibaha inapakana na Wilaya ya Kisarawe.

Mambo mengi ya eneo hili yako mikononi mwa wizara. Eneo la viwanda la TAMCO mjini Kibaha, penye kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi vya mbu, linahusu wizara ya viwanda. Maji ya mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, husambazwa na DAWASA, iliyo chini ya wizara ya maji. Barabara ya Morogoro husimamiwa na TANROADS chini ya wizara ya ujenzi.

Suala la fidia za barabara linaonyesha jinsi uchumi na sheria vinavyokutana katika jibu moja. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kutoka meta 45 hadi meta 60, yaani kutoka meta 22.5 hadi meta 30 kila upande. Waliokuwa ndani ya zile meta 7.5 za nyongeza kabla ya sheria hiyo wanastahili fidia eneo lao linapohitajika, lakini waliojenga ndani ya hifadhi ya zamani hawastahili. Kati ya Kimara na Kibaha hifadhi ilihesabiwa kuwa meta 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa. Upanuzi wa kilomita 19.2 za barabara kati ya Kimara na Kibaha ulizinduliwa Desemba 2018. Kwa mwenye nyumba, neno moja katika jibu la waziri, "walioifuata barabara" au "waliofuatwa na barabara", huamua kama atalipwa.

Majimbo haya jirani yanaonyesha pia pande mbili za utaratibu. Silvestry Koka, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Kibaha Mjini mwaka 2010, alikaa upande wa wanaouliza. Selemani Jafo, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Kisarawe mwaka huohuo, alihamia upande wa wanaojibu mwaka 2015 alipoteuliwa kuwa Naibu Waziri. Alikuwa Waziri wa TAMISEMI tangu mwaka 2017, Waziri wa Muungano na Mazingira tangu mwaka 2021, na Waziri wa Viwanda na Biashara tangu Julai 2024. Kwa kuwa waziri anawajibika pamoja na wenzake, hasimami bungeni kuwauliza maswali. Mambo ya jimbo lake huyafikisha kwao nje ya kipindi hicho, na hayo hayaingii katika Hansard. Mbunge wa viti maalumu wa mkoa anaweza kuyauliza.

Uzito na mipaka ya majibu

Jibu la waziri linaweza kupingwa. Mwaka 2007 Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, alidai kwamba Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alilidanganya Bunge kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi uliosainiwa London. Bunge lilikataa hoja yake ya kuundwa kwa kamati teule, na mwezi Agosti likamsimamisha. Baadaye mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto alikuwa mjumbe wake. Sheria mpya ya Madini ilipitishwa mwaka 2010.

Kwa upande mwingine, maswali peke yake mara chache humwondoa waziri. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu Februari 2008 baada ya ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond.

Wananchi hufuatilia majibu kwa redio, televisheni na Hansard. Januari 2016 Serikali ilitangaza kuwa TBC itaacha kurusha moja kwa moja vikao vyote vya Bunge kwa sababu ya gharama. Hansard zinapatikana katika tovuti ya Bunge, ambako mkazi anaweza kulinganisha ahadi ya mwaka mmoja na jibu la mwaka unaofuata.

Katika nchi nyingine

Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi, ambako mawaziri wa Serikali ya Mapinduzi hujibu maswali kuhusu mambo yasiyo ya Muungano. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliwatoa mawaziri bungeni. Kwa miaka kadhaa walijibu mbele ya kamati tu, kabla ya kanuni kubadilishwa ili waje kujibu katika ukumbi wa Bunge. Nchini Uingereza, swali la kwanza linalojulikana liliulizwa katika Nyumba ya Malord mwaka 1721, nalo lilitokana na kashfa ya fedha ya Kampuni ya South Sea.