Betri ya Volti 6
Betri ya volti 6, yenye vyumba 3 vya bamba za risasi na tindikali, kila kimoja kikitoa takriban volti 2, ilitosheleza haja za gari la zama zake, ambalo aghalabu halikutaka umeme ila wa stata, taa, honi na kuwashia petroli. Kabla ya stata ya umeme ya mvumbuzi Charles Kettering, iliyotiwa katika Cadillac ya 1912, dereva alizungusha hendeli ili kuwasha injini, nayo ikirudi kwa ghafla huweza kumvunja mkono; stata hiyo ilikuwa ukombozi ulioje! Katika miaka ya 1950, injini zilipozidi nguvu, vyumba vikawa 6, volti 12. Gari la leo lizimalo injini kila lisimamapo foleni, ilhali kompyuta zake zaendelea kula umeme, aghalabu lahitaji betri ambayo tindikali yake imefyonzwa na nyuzi laini za kioo, ipate kustahimili kuchajiwa mara kwa mara.