Fundo la Nyaya Kisiwani Unguja: Tangu Simu ya 1879 hata Swichi

Neno simu lina asili ya Kiajemi, na huko maana yake ni fedha, kisha uzi wa madini. Wazungu walikiita chombo hiki kwa jina la umbali. Mswahili alikiita kwa jina la waya wake. Yafaa kulikumbuka jambo hilo, maana historia ya simu katika Unguja ni historia ya mahali nyaya zilipokutana.

Mwezi wa Januari 1879 Wazulu walilishinda jeshi la Waingereza huko Isandlwana, na habari ile ilichelewa kufika London, kwa kuwa Afrika ya Kusini haikuwa bado na simu ya kuiunga na Ulaya. Kabla mwaka haujaisha, katika enzi ya Seyyid Barghash bin Said, kebo ya baharini ilikuwa imekwisha kutandazwa kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka Unguja kupita Msumbiji hadi Durban. Mwaka 1890 ukaongezwa waya wa Mombasa, na mwaka 1893 ule wa Shelisheli na Morisi. Basi Unguja ikawa fundo.

Kazi ya fundo hilo haikuwa ya mpiga mbiu. Mpiga mbiu akitoka Malindi mpaka Shangani hupaza sauti, na kila nyumba husikia, linaihusu au haliihusu. Karani wa simu alipokea ishara iliyochoka kwa safari ndefu, akaisoma, akatazama inakwenda kwa nani, kisha akaipeleka upya kwa nguvu mpya katika waya mmoja tu, ule uliostahili.

Tofauti hiyo ndiyo iliyopo baina ya habu na swichi katika Ethaneti, mtandao wa kompyuta uliobuniwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko Marekani. Habu ni mpiga mbiu: hupokea ishara katika tundu moja na kuirudia katika matundu yote, bila ya kusoma anwani. Kanuni za mwaka 1990 za nyaya zilizosokotwa, zenye mwendo wa biti milioni 10 kwa sekunde, ziliweka mita 100 kwa kila kipande cha waya, na baina ya kompyuta mbili zisipite habu zaidi ya nne. Wengi huikariri hesabu hii pasipo kuuliza sababu yake. Sababu si udhaifu wa ishara, kwa kuwa kila habu huihuisha. Sababu ni wakati: kompyuta mbili zikisema pamoja maneno hugongana, na kila msemaji hana budi ausikie mgongano kabla hajamaliza kusema, kila habu huongeza ucheleweshaji kidogo. Swichi hukata mnyororo huo. Hupokea ujumbe mzima, kwa kawaida, huisoma anwani, kisha huutoa katika tundu lake, na hesabu ya habu huanza upya upande wa pili. Kwa ufupi, swichi ni karani.

Lakini anayesoma anwani yumo katika mamlaka. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Seyyid Hamad bin Thuwaini, na Seyyid Khalid bin Barghash akaingia jumba la kifalme. Basil Cave, aliyekuwa akishika ubalozi wa Kiingereza, alipiga simu ya maandishi kuomba ruhusa ya kutumia mizinga, na kesho yake idhini ya London ikawa imefika. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu, manowari zilianza kupiga, na kabla ya saa moja kupita vita vilikwisha. Miaka 20 nyuma, swali hilo lingalikwenda kwa meli, na jibu lingalichukua majuma mengi. Nani ajuaye wakubwa wa mji wangalipatana nini katika muda huo? Kampuni iliyomiliki nyaya ilikuwa ya Waingereza.

Jengo la simu la Shangani limesimama hata leo, mbele ya bahari. Sasa ni sehemu ya hoteli.