Kisu au Sindano? Historia Fupi ya Kupambana na Unene

Wadau, hapa Mchikichini ukimwambia mtu "umenenepa" umemsifia: mambo yake si mabaya. Lakini unene ukipita kiasi ni ugonjwa, nao huja na kisukari, presha na magoti yasiyopanda ngazi. Ndiyo maana dawa za kupunguza mwili hazikosi wateja. Kabla hujatoa hela, hebu tuangalie historia.

Vidonge vina rekodi mbaya. Mwaka 1933 madaktari wa Marekani walianza kutoa dinitrofenoli, kemikali ya viwanda vya baruti. Watu walipungua kweli, ila joto la mwili lilipanda hadi wengine wakafa. Ikapigwa marufuku 1938. Mwaka 1997 fenfluramini iliondolewa sokoni kwa kuharibu vali za moyo. Mwaka 2010 ikafuata sibutramini, iliyohusishwa na kiharusi na mshtuko wa moyo. Hii ya mwisho imekutwa mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa "za asili".

Kisu nacho kilianza vibaya. Operesheni ya kuruka sehemu kubwa ya utumbo, iliyoanza Minnesota 1954, iliwaharibu baadhi ya wagonjwa ini, ikaachwa. Mwaka 1966 Edward Mason wa Iowa akabuni njia ya kupunguza tumbo lenyewe. Wasweden walifuatilia watu wapatao 4,000 kuanzia 1987, na mwaka 2007 wakatangaza: waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao wasiopasuliwa.

Kisha zikaja sindano za kila wiki. Chukua mtu wa kilo 140. Kwa wastani wa majaribio, semaglutide (2021) ingemfikisha kilo 119, tirzepatide (2022) kwa dozi ya juu kama 111. Upasuaji kwa kawaida hupunguza robo ya uzito au zaidi: 105 kushuka chini. Tofauti imepungua sana. Ila ukiacha sindano, uzito mwingi hurudi. Aliyepasuliwa naye si huru: kuna hatari za operesheni yenyewe, halafu vitamini na kliniki maisha yote.

Muhimbili Mloganzila, hapahapa Dar, wameshaanza upasuaji huu, pamoja na kuweka puto tumboni. Kwa hiyo swali si la wazungu tena, ni letu. Nionavyo mimi, kwa mwenye unene uliokithiri na asiye na bima nono, kisu bado kinastahili kufikiriwa kwanza, akiwa na daktari. Ukoo unaweza kuchangia operesheni mara moja. Nani atachangia sindano kila mwezi, miaka nenda rudi?