Laptopu ya masomo ya mtandaoni: mambo ya kuangalia

Mzazi, kabla hujatoa pesa ya laptopu ya mwanao wa chuo, angalia haya.

Kumbukumbu (RAM): GB 8. Yenye GB 4 hufungua Zoom, lakini akiandika huku darasa likiendelea, hukwama.

Diski: SSD ya GB 256 yatosha, na huwaka upesi kuliko diski ya zamani ya kuzunguka.

Prosesa: Kwa laptopu ya mtumba yenye Intel, chagua kizazi cha 8 kwenda juu. Windows 11 haizikubali rasmi nyingi za kabla ya hapo, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Betri: Ijaribu dukani bila chaja. Stima ikipotea katikati ya mtihani, betri ndiyo mkombozi.

Programu: Uliza chuo kwanza, vingine huwapa wanafunzi Microsoft 365 bure. LibreOffice nayo ni ya bure na hufungua faili za Word. Anayesomea uhandisi au usanifu aulize mashine gani itabeba programu za michoro.

Bando: Video ndiyo mlaji mkubwa. Kamera izimwe isipohitajika.

Rahisi ghali: mashine ikifa kati ya muhula, utanunua mara mbili.