Dhana ya Mgongano katika Historia ya Umbo la Mistari ya Spektra ya Gesi, 1895–1953

Vitabu vingi vya kiada vya fizikia humweleza mwanafunzi kwamba migongano ya molekuli hupanua mistari ya spektra ya gesi, na kwamba shinikizo likiongezeka upana nao huongezeka. Kauli hiyo ni sahihi kwa sehemu tu. Hoja ya insha hii ni kwamba tatizo lililowashughulisha wanafizikia kwa zaidi ya nusu karne halikuwa upana wenyewe, bali swali linaloonekana jepesi: ni tukio gani hasa linalostahili kuitwa mgongano?

Mwaka 1895 Albert Michelson, akiwa Chuo Kikuu cha Chicago, alichapisha makala kuhusu kupanuka kwa mistari ya spektra. Kati ya sababu alizozitaja, mbili zimebaki na uzito hadi leo: mwendo wa molekuli kumwelekea mtazamaji au kumwacha, yaani athari ya Doppler, na migongano inayokatiza mtetemo. Sababu hii ya pili ndiyo aliyoipa Hendrik Antoon Lorentz umbo la kihisabati mwaka 1906. Alichukulia kwamba kila mgongano hufuta kabisa mtetemo uliotangulia. Kutokana na dhana hiyo moja alipata mstari wenye kilele katikati na mabawa marefu pande zote mbili, ambao upana wake hutegemea wingi wa migongano kwa sekunde.

Hata hivyo, alipolinganisha matokeo na vipimo, Lorentz aliona kwamba muda kati ya usumbufu mmoja na mwingine, kama spektra zilivyoudai, ulikuwa mfupi kuliko muda kati ya migongano uliotokana na nadharia ya mwendo wa molekuli. Alihitimisha kwamba lazima kuwe na jambo jingine, ndani ya chembe yenyewe, linalouvuruga mtetemo. Kwa maoni yetu hitimisho hilo lina maana kubwa kihistoria: Lorentz alikuwa tayari kubuni chanzo kipya cha usumbufu kabla ya kuitilia shaka maana ya mgongano aliyoirithi.

Shaka hiyo ililetwa na Victor Weisskopf mwaka 1932. Nadharia ya mwendo huhesabu mgongano pale molekuli inapobadili njia yake. Mwanga hauhitaji kiasi hicho. Molekuli ikipita kwa mbali, nguvu zake hubadili kidogo masafa ya mtetemo wa jirani yake. Badiliko hilo likilimbikiza tofauti ya fazi ya radiani 1 hivi, mtetemo umekwisha kukatizwa, ingawa hakuna kilichoguswa. Kipenyo cha mgongano kwa mwanga, basi, chaweza kukizidi mno kile cha nadharia ya mwendo. Lakini Weisskopf aliyapuuza mapito dhaifu zaidi, hivyo hakuweza kueleza kusogea kwa mistari, jambo lililokwisha kuonekana maabarani tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1945 Einar Lindholm wa Uswidi alionyesha kwamba mapito hayo hayo ya mbali ndiyo yanayousogeza mstari.

Wakati huo rada za mawimbi ya sentimita 1.25 zilikuwa zimekutana na ufyonzaji wa mvuke wa maji hewani, na umbo la mstari likawa suala la kivita. Mwaka huo huo wa 1945 John Van Vleck na Weisskopf waligundua kwamba fomula ya Lorentz haikubaliani na ile ya Debye pale masafa ya asili ya molekuli yanapokaribia sifuri: ya kwanza haitoi ufyonzaji wowote, ya pili inautoa. Kasoro ilikuwa katika kudhani kwamba baada ya mgongano molekuli hujipanga kiholela. Kumbe hujipanga kwa kanuni ya Boltzmann, zikifuata uga wa umeme wa dakika hiyo hiyo.

Mwaka 1953 Robert Dicke alitoa hoja iliyoonekana kupinga yote hayo: migongano yaweza kuufanya mstari uwe mwembamba. Mgongano unaobadili kasi ya molekuli bila kugusa fazi ya mtetemo huizuia molekuli kusafiri mbali. Umbali kati ya migongano ukiwa mdogo kuliko urefu wa wimbi, athari ya Doppler hupungua. Katikati ya miaka ya 1950, Dicke na James Wittke waliitumia njia hiyo kuupima mstari wa hidrojeni wa sentimita 21, atomu zikiwa zimezungukwa na gesi ya molekuli za hidrojeni.