Funzo la Kakamega kwa Wapatanishi wa Dini

Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziligeuza majirani kuwa maadui kwa misingi ya kabila. Januari 2008, viongozi wa Kanisa la Marafiki, maarufu kama Quaker, walikutana mjini Kakamega kutafuta amani. Kanisa hilo lilianzia Kaimosi mwaka 1902 na waumini wake wengi ni Waluhya, hivyo Mkikuyu aliyefurushwa angeweza kulishuku. Walianza kwa kupeleka misaada kambini na kusikiliza waathiriwa. Baadaye wakazungumza pia na wenyeji wa Lugari na Turbo kuhusu wakimbizi kurudi nyumbani. Kwa maoni yangu, masheikh na maaskofu wetu wa Pwani wazingatie hilo: sikiliza pande zote kabla ya kuhubiri amani.