Kenya: Kurudi Nyuma kwa Mpango

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1946, lilivunjika mwaka 1977. Madeni yalilielemea, na wenye mali, yaani Kenya, Uganda na Tanzania, hawakuelewana juu ya malipo.

Kenya Airways, lililozaliwa mwaka huo huo, nalo lilipatwa na dhoruba. Hasara ya mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 ilifikia shilingi za Kenya bilioni 25.7. Baadhi ya ndege ziliuzwa au kukodishwa. Shirika lake tanzu, Jambojet, lililoanza kazi mwaka 2014, likaendelea kuhudumia njia fupi kwa nauli nafuu. Mwaka 2017 serikali na mabenki yaligeuza madeni kuwa hisa.

Jeshi linalorudi nyuma kwa mpango halijashindwa. Linaloangamia ni lile ambalo makamanda wake hugombana vitani.